Batri yenye kuvimba

Wenzetu wengi wanatuuliza: sababu gani batri ya telefone inavimba kama andazi? Tujibu.

Ndani yake mna karatasi mbili nyembamba za madini, na katikati yao ngozi ya plastiki, nyembamba zaidi, inayozitenganisha. Ngozi ile ikitoboka, pande mbili zinagusana, na moto unazaliwa humo humo ndani. Kule kuvimba ni hewa: dawa ya ndani imekwisha kuanza kuharibika.

Si batri za bei ndogo tu. Agosti 2007 kampuni Nokia ilitangaza kwamba batri BL-5C milioni 46, kazi ya Matsushita ya Japani, zaweza kupata moto kupita kiasi wakati wa kuchaji. Mwenye nayo alibadilishiwa bure. Septemba 2016 Samsung iliita Galaxy Note 7 milioni 2 na nusu zirudishwe. Kumbe hata zile za kubadilishia ziliwaka, na mwezi wa kumi wakaacha kabisa kuzitengeneza.

Lakini sisi wa Tunda turudishe wapi? Mchuuzi hatoi risiti, kesho yuko Kindu. Tena kobalti ya batri nyingi inatoka kwetu Kongo, upande wa Kolwezi! Madini yanakwenda, yanarudi batri, ila tangazo la hatari halifiki.

Basi tujichungie wenyewe. Batri iliyovimba usiitoboe, usiichaji tena, usiilalie chini ya mto. Iweke nje juu ya mchanga, mbali na paa la majani.