Jina la Nyumbani na Jina la Serikali

Ndugu msomaji, katika mji wetu mtu mmoja aweza kuwa na majina manne bila ya yeyote kumdanganya mwenziwe. Siku ya akika ameitwa Abubakar. Bibi yake na majirani humwita Bakari. Mwalimu wa shule ameandika Abubakari. Na karani wa usajili, aliyeandika kwa kadiri alivyosikia, ameandika Abubakr. Hapa Makadara hakuna atakayempotea, kwani twamjua yeye, babake na nyumba yao. Lakini kompyuta haina ujirani. Kwayo hao ni watu wanne.

Zamani jambo hili lilikuwa jepesi. Nyuma ya dirisha la ofisi alikuwako binadamu, nawe ulimweleza akakuelewa. Leo mambo yamegeuka. Mfumo wa eCitizen ulianza mwaka 2014, na mwaka 2023 Serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimetiwa humo. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo sasa huombwa kwa njia hiyo. Tangu Oktoba 2024 matibabu nayo yamehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambako wategemezi huandikwa kwa majina na nambari zao. Panapohitilafiana herufi moja baina ya hati mbili, ombi hurudi, na mwenye haja huanza safari ya saiba hadi ofisini, na ofisini hadi kwa wakili.

Mwenye kuumia zaidi ni mjane na yatima. Katiba yetu, kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Hata hivyo Kadhi huhitaji ushahidi. Ikiwa cheti cha ndoa chasema Fatuma, kitambulisho chasema Fatma, na hati ya nyumba yasema Mwanafatuma, yabidi kwanza ithibitike kwamba huyo ni mtu mmoja. Mali ya marehemu hukaa, kodi ya nyumba huliwa na asiyestahiki, na watoto hungoja haki waliyopewa na Mwenyezi Mungu.

Liko na tatizo la pili. Fomu hutaka jina la ukoo, ilhali sisi hufuata jina letu kwa la baba, kisha la babu. Salim bin Ali bin Omar huandikwa Omar mahali pa ukoo. Mwanawe Hamisi Salim Ali huandikwa Ali. Hivyo baba na mwana huonekana kama wasiohusiana. Si kosa la baba wala la mwana. Fomu ilibuniwa kwa desturi isiyo yetu. Vilevile mke wa Kiislamu hubaki na jina la babake baada ya ndoa, na sheria ya Kenya haimlazimishi kulibadili.

Katika kutafuta wepesi, baadhi ya jamaa humwandikisha mtoto wa ndugu kwa jina la mlezi, ili apate shule au safari ya Ughaibuni. Hapa tujihadhari sana. Zayd bin Haritha alilelewa na Mtume (S.A.W.), na watu wakimwita Zayd bin Muhammad, mpaka ilipoteremka aya ya 5 ya Surat Al-Ahzab ikiamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Jina la baba hulinda nasaba, na nasaba hulinda ndoa na mirathi. Malezi yenyewe yana thawabu kubwa, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala. Hakuna haja ya kusema uongo kwa ajili yake.

Wako wanaoona kwamba kuandikwa tofauti na wanavyoitwa ni kuvunjiwa heshima. Tuutazame mkataba wa Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Suhail bin Amr alikataa Mtume aandikwe Mtume wa Mwenyezi Mungu. Sayyidna Ali hakuweza kuyafuta maneno hayo, basi Mtume (S.A.W.) akayafuta mwenyewe, na pakaandikwa Muhammad bin Abdullah. Utume haukupungua, na mkataba ukapita kwa jina ambalo pande zote mbili zililikubali. Hati ina kazi yake, na heshima ina mahali pake.

Basi tufanyeni nini? Kwanza, wazazi waafikiane juu ya maendelezo ya jina kabla ya kumwandikisha mtoto, na wayafuate hayo hayo hospitalini, madrasani na shuleni. Sheria ya usajili wa vizazi huruhusu jina la mtoto kubadilishwa katika daftari ndani ya miaka miwili tangu kusajiliwa. Tusiuache muda huo upite. Pili, mtu mzima azitandaze hati zake zote mezani azilinganishe. Hitilafu ya herufi aghalabu hutengenezwa kwa hati ya kiapo. Kubadili jina lenyewe huhitaji hati maalumu ya kisheria, ambayo husajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Tatu, tujue kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe.

Nao wenye mamlaka twawaomba waweke katika fomu nafasi ya jina analojulikana nalo mtu, kando ya jina rasmi, na nafasi ya jina la baba na la babu. Mahakamani husemwa fulani, maarufu kama fulani. Kompyuta haishindwi kufundishwa adabu hiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Herufi moja husahihishwa kwa wepesi mwenyewe angali hai. Akishakufa, huwa ni kesi ya warithi. Wallahu a'lam.