Tongo, Hame na Gofu

Sisi tufundishao huku Unyambwa, katika nchi ya Singida, twaulizwa na watoto mara kwa mara: "Kwa nini watu wa pwani wana magofu, nasi hatuna?" Hatukuwa na jibu jema mpaka tulipokwenda Tanga kuzuru chemchemi za Amboni na magofu ya Tongoni. Jibu lenyewe tulilipata katika jina la mahali.

Amboni ni mwendo mfupi kaskazini ya mji wa Tanga, penye mapango makubwa ya mawe ya chokaa. Karibu na mto Sigi hutoka maji ya moto yenye harufu ya kiberiti, na watu huoga humo wakitumaini kupona maradhi ya ngozi. Chemchemi hizo zaitwa Galanos, kwa jina la Mgriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Wako wadhanio kwamba chini yake pana moto uwakao, walakini sivyo. Maji ya mvua huzama mbali ardhini, hupata moto wa miamba ya huko chini, kisha hupanda tena kwa njia ya nyufa.

Tongoni iko kusini ya Tanga, yapata kilometa 20. Hapo pana msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengine yenye nguzo za mawe. Mji huo zamani uliitwa Mtangata. Mwaka 1498 merikebu moja ya Vasco da Gama, jina lake São Rafael, ilipanda mwamba karibu na hapo. Na mwaka 1499, katika kurudi, Wareno waliichoma moto kwa kuwa mabaharia wengi wamekwisha kufa.

Sasa tuangalie maneno. Gofu ni jengo lililobomoka. Hame, ambalo latokana na kuhama, ni mahali palipohamwa. Tongo nalo ni kiwanja kilichoachwa na wenyewe, ijapokuwa hapana ukuta uliosimama. Ndipo pakaitwa Tongoni. Wala neno hili si la pwani peke yake: Wasukuma husema itongo na matongo, na Wanyarwanda kadhalika.

Basi, watoto wetu hawakukosa matongo. Walikosa mawe na chokaa tu. Nyumba ya wazee wetu ilikuwa tembe, ya miti na udongo, na dari yake udongo. Ikiachwa, mvua huirudisha ardhini kwa miaka michache, yakabaki majivu, vigae na jiwe la kusagia. Tena, katika Operesheni Vijiji ya miaka 1973 hadi 1976, watu wengi waliyaacha makao yao, na matongo mengi sasa yamelimwa.

Huko Tongoni mawe yamebaki, bali majina ya wengi waliozikwa yamepotea. Kwetu mawe hayapo, lakini majina yangali vinywani mwa wazee, nao wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu: wapelekeni wanafunzi katika matongo pamoja na mzee ayajuaye. Na waandike ni mji wa nani, nani walizaliwa pale, na sababu gani walihama. Kazi hiyo yataka daftari na siku moja tu; mzee akiisha kuzikwa, hata siku mia hazitatosha.