Waliojichanganya na Mji

Sokoni Gungu, muuza mawese akikupimia chupa yako hakuulizi kwenu ni wapi, nawe humuulizi. Mjini Kigoma adabu hiyo imewasitiri wengi.

Mwaka 1972, chini ya utawala wa Michel Micombero, jeshi la Burundi liliwaua Wahutu kwa maelfu, hasa waliosoma. Walionusurika walimiminika Tanzania. Serikali ikawafungulia makazi porini: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba karibu na Mpanda, kisha Mishamo. Walifyeka msitu, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, hadi wakajitosheleza kwa chakula na kuuza ziada.

Si wote waliokwenda huko. Kwa sheria, mkimbizi alitakiwa kukaa alikopangiwa, hivyo aliyebaki Kigoma au Ujiji bila kibali aliishi roho mkononi. Dawa ikawa kutojulikana. Kirundi na Kiha, lugha ya wenyeji, vinasikilizana, basi mgeni akapita kama Muha, akaoa kwa wenyeji, akapata kazi au kibanda cha biashara. Watoto wakakua na Kiswahili cha mjini.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliyachunguza makundi haya mawili mwaka 1985 na 1986, na kitabu chake, *Purity and Exile*, kikatoka 1995. Huko Mishamo alikuta watu wanaosimulia historia yao kwa pamoja, nchi yao ikiwa bado Burundi na kurudi kukiwa ni suala la muda tu. Mjini, wengi hawakutaka hata kuitwa wakimbizi. Wa makazini waliwaona wa mjini wamejipoteza. Lawama nzito hiyo, kwa watu ambao kosa lao lilikuwa kupanga chumba na kuishi na majirani vizuri.

Ajabu ni kwamba walioshikilia Uburundi wao makazini ndio waliofikiwa na karatasi za uraia. Zaidi ya 162,000 wa makazi yale matatu walikubaliwa kuwa Watanzania, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Wenzao waliotawanyika vijijini Kigoma hawakuwemo katika mpango huo. Na aliyejificha mjini angejitokezaje kuomba, wakati majirani wanamjua kuwa mwenyeji miaka yote?

Siku hizi swali la kwenu ni wapi limehamia kwa wajukuu, na hata kwa Waha ambao hawajawahi kukimbia popote. Kijana wa Kigoma anayefuatilia kitambulisho cha taifa cha NIDA huulizwa baba alizaliwa wapi, babu je, na wakati mwingine hupelekwa Uhamiaji kwanza.