McIntosh: kaunti ya Marekani ambako ardhi ilitolewa kisha ikapokonywa

Sisi wa Pwani tukisikia neno kaunti, twafikiria gavana na bajeti. Marekani nako kuna kaunti zaidi ya 3,000. Mojawapo, McIntosh katika jimbo la Georgia, ina historia ambayo Mpwani ataielewa haraka.

Kaunti hii iko ufuoni mwa Bahari ya Atlantiki. Mto Altamaha humwaga maji yake hapo, karibu na Darien, mji mdogo ulio makao makuu. Baina ya bara na visiwa hakuna mikoko, bali vinamasi vya maji chumvi vilivyoota nyasi ndefu. Kisiwa cha Sapelo hakina daraja hadi leo. Watu huvuka kwa feri.

Darien ilianzishwa mwaka 1736 na Waskoti walioletwa kuwazuia Wahispania wa Florida. Wakati huo Georgia ilikuwa imepiga marufuku utumwa, na mwaka 1739 wanaume 18 wa mji huo walitia saini waraka wa kutaka marufuku hiyo ibaki. Marufuku hiyo haikudumu. Mwaka 1751 utumwa ukahalalishwa. Maji yakijaa, bahari husukuma maji baridi ya mto hadi mabondeni, na matajiri waliona hapo pesa za mpunga. Waliochimba mitaro na kulima ni Waafrika. Kaunti ilipoundwa mwaka 1793, ikapewa jina la ukoo mmoja wa Waskoti wale wale.

Miongoni mwa watumwa wa Sapelo alikuwa Bilali Muhammad, Mwislamu kutoka Futa Jallon, nchi ya Guinea ya leo. Alikuwa msimamizi wa shamba la Thomas Spalding. Aliacha kijitabu cha kurasa 13 kwa hati za Kiarabu. Watu walidhani ni kumbukumbu za maisha yake, kumbe ni mafunzo ya fiqhi ya Kimaliki: udhu, adhana na swala. Sasa kimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Georgia.

Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, Jenerali William Sherman aliamuru ardhi ya mwambao huo wagawiwe watu waliokuwa watumwa, hadi ekari 40 kwa kila familia. Mwaka huo huo Rais Andrew Johnson akaamua mashamba yarudishiwe wenyewe wa zamani. Waliotaka kubaki iliwabidi wanunue vipande vyao wenyewe, kidogo kidogo.

Vizazi vyao, waitwao Wagullah-Geechee, bado wako Hog Hammock, kijiji cha Sapelo. Mwaka 2023 baraza la kaunti liliongeza ukubwa wa nyumba unaoruhusiwa, kutoka futi za mraba 1,400 hadi 3,000. Wenyeji walipinga: matajiri wakijenga majumba, thamani ya ardhi hupanda, kodi nayo hupanda, na maskini huuza akaondoka.

Zamani walinyang'anywa kwa amri ya rais. Leo yatosha sheria ndogo ya ujenzi. Mwenye ardhi na asome kila karatasi inayopitishwa na baraza lake.