Marafiki wa Uongo na Marafiki Waliojificha: Msemaji wa Kirusi Mbele ya Msamiati wa Kiingereza

Mtu anayeanza kujifunza lugha ya kigeni ama hulijua neno, ama halijui. Hatua hiyo ina taabu zake, lakini haina hila. Hila huanza baadaye, pale mwanafunzi anapokwisha kupata maneno elfu mbili au tatu na kuweza kusoma habari fupi bila msaada. Tangu hapo kinachomrudisha nyuma si neno asilolijua kabisa, maana hilo atalitafuta katika kamusi. Kinachomrudisha nyuma ni neno analodhani kuwa analijua.

Makala haya yanaichunguza hatua hiyo kwa mfano mmoja: mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kirusi, naye anajifunza msamiati wa kati na wa juu wa Kiingereza. Kirusi na Kiingereza ni lugha za ukoo mmoja, ule wa Kihindi-Kiulaya, ingawa zimo katika matawi tofauti. Na zote mbili zimekopa sana kutoka Kigiriki, Kilatini na Kifaransa. Kwa hiyo mwanafunzi huyu hukutana kila siku na sura anazozifahamu. Swali ni lini azisadiki, na lini azitilie shaka. Kirusi huandikwa kwa herufi za Kisirili. Hapa maneno yake yameandikwa kwa herufi za Kilatini.

Ukubwa wa kazi

Mwaka 1953 mwalimu Mwingereza Michael West alichapisha orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza yapatayo 2,000. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha nyingine, ya jamii 570 za maneno yatumikayo katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali. Jamii ya maneno ni neno moja pamoja na yale yanayozaliwa nalo, kama vile "soma", "somo", "msomi" na "usomaji" yalivyo jamii moja katika Kiswahili. Coxhead alionyesha kuwa maneno ya West hufanya takriban robo tatu ya maandishi ya kitaaluma, na jamii zile 570 huongeza kiasi cha asilimia 10. Naye Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kuwa msomaji anayetaka kuelewa maneno 98 katika kila 100 ya riwaya au gazeti anahitaji jamii 8,000 hadi 9,000. Safari ya kutoka 2,000 hadi 9,000 ndiyo inayozungumzwa hapa.

Kwa Mrusi, sehemu ya safari hiyo ni mteremko. Katika orodha ya Coxhead mna "analyse", "factor", "function", "method" na "structure". Kirusi kina "analiz", "faktor", "funktsiya", "metod" na "struktura", na maana zake zinakaribiana sana na zile za Kiingereza. Si ajabu basi kumwona Mrusi akifuata makala ya fizikia kwa urahisi kuliko hadithi ya watoto, ambayo imejaa vitenzi vifupi vya Kiingereza cha nyumbani: "put off" kwa maana ya kuahirisha, "put out" kwa maana ya kuzima, "put up with" kwa maana ya kuvumilia. Vitenzi hivyo havina sura yoyote anayoitambua.

Kikulacho ki nguoni mwako

Mwaka 1928 Wafaransa wawili, Koessler na Derocquigny, waliyapa jina la "marafiki wa uongo" maneno yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana. Warusi huyaita "marafiki wa uongo wa mfasiri", na mwaka 1969 V. V. Akulenko na wenzake walichapisha huko Moscow kamusi nzima ya maneno hayo ya Kiingereza na Kirusi.

Mifano ni mingi. "Fabrika" ya Kirusi ni kiwanda, lakini "fabric" ya Kiingereza ni kitambaa. "Familiya" ni jina la ukoo, ilhali "family" ni familia. "Akkuratny" ni mtu nadhifu na mwangalifu, ilhali "accurate" ni kitu kilicho sahihi, kisicho na kosa la kipimo. Kukosea maneno kama hayo huenda kukachekesha tu. Mengine hayachekeshi. "Dekada" ya Kirusi kwa kawaida ni siku kumi. "Decade" ya Kiingereza ni miaka kumi. "Insult" kwa Kirusi ni kiharusi. Kwa Kiingereza ni tusi. "Angina" kwa Kirusi ni ugonjwa wa koo, yaani mafindofindo. Kwa Kiingereza ni maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kupungukiwa na damu. Mgonjwa Mrusi akimwambia daktari wa London kwamba amekuwa akiugua "angina" mara kwa mara, na daktari asiulize zaidi, uchunguzi wake utaanza mahali pasipo pake.

Kwa nini chimbuko moja lizae maana mbili? Neno "magazin" linatoa jibu. Kwa Kirusi ni duka; kwa Kiingereza "magazine" ni jarida. Asili ya yote mawili ni Kiarabu, "makhzan", yaani ghala, kutokana na mzizi ule ule uliokipa Kiswahili neno "hazina". Neno lilivuka Bahari ya Kati pamoja na biashara. Katika Kifaransa lilitoka kwenye maana ya ghala likafikia maana ya duka, na Kirusi, kilicholipata kutoka Ulaya ya Magharibi, kimebaki na duka. Huko London, mwaka 1731, Edward Cave alianzisha chapisho aliloliita The Gentleman's Magazine, akilifananisha na ghala la maandishi ya kila namna. Mfano huo baadaye uligeuka kuwa maana ya kawaida. Neno linapokopwa, basi, kila lugha hulipa kazi yake yenyewe, na kufanana kwa herufi si ushahidi wa kufanana kwa maana.

Marafiki waliojificha

Yapo pia maneno yasiyofanana hata kidogo kwa sauti, kumbe ni mapacha kwa muundo. Wasomi wa Urusi, hasa katika karne ya 18 na ya 19, walipohitaji maneno mapya hawakukopa tu. Mara nyingi walilivunja neno la kigeni vipande, wakafasiri kila kipande. "Influence", yaani athari, lina "in", ndani, na mzizi wa Kilatini wenye maana ya kutiririka. Kirusi husema "vliyaniye": "v" ni ndani, na mzizi unaofuata ni wa kumimina. "Impression", yaani taswira inayobaki moyoni, ni kitu kilichogandamizwa ndani. Kirusi husema "vpechatleniye", ambamo mna "pechat", yaani mhuri.

Mfano ulio bora zaidi ni ule wa kuandika. Mzizi wa Kilatini uliomo katika Kiingereza ni "scribe". Kitenzi cha Kirusi ni "pisat". "Prescribe" ni "predpisat", kuandika kabla, yaani kuagiza. "Subscribe" ni "podpisatsya", kuandika chini, yaani kujiandikisha kupokea gazeti. "Inscribe" ni "vpisat", kuandika ndani, kama duara linapochorwa ndani ya pembetatu katika jiometri. Mwanafunzi aliyefunuliwa siri hiyo hakariri tena maneno matatu mageni; huona vitenzi vyake mwenyewe vimevaa nguo nyingine. Msemaji wa Kiswahili naye anaufahamu utaratibu huu, ila kwa upande wa pili wa neno: "andika", "andikia", "andikisha". Kirusi na Kilatini huongeza kichwani, Kiswahili huongeza mkiani.

Mipaka isiyolingana

Hata neno jepesi huweza kuwa na mipaka tofauti. Kirusi kina "ruka" mahali ambapo Kiingereza hutofautisha "hand" na "arm", na "palets" mahali penye "finger" na "toe". Kiswahili katika hili ni jirani wa Kirusi, maana kina "mkono" na "kidole". Katika rangi mambo hugeuka. Kirusi kina majina mawili ya msingi, "siniy" kwa buluu iliyoiva na "goluboy" kwa buluu ya mbingu, ilhali Kiingereza kina "blue" tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 nchini Marekani ulionyesha kuwa wasemaji wa Kirusi hutofautisha haraka zaidi rangi mbili za buluu zikiangukia katika majina mawili kuliko zikiangukia katika jina moja. Wasemaji wa Kiingereza hawakuonyesha tofauti hiyo. Kuunganisha majina mawili kuwa moja ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kugawa jina moja kuwa mawili, kwa kuwa mwanafunzi hutakiwa kuangalia jambo ambalo lugha yake haikumlazimisha kuliangalia.

Aidha, maneno yana wenzi wake. Mrusi husema "silny dozhd", mvua yenye nguvu. Mwingereza husema "heavy rain", mvua nzito. Mswahili husema mvua kubwa. Hakuna kanuni ya kuyabashiri hayo. Jozi hizo hupatikana kwa kusoma sana, na kwa kuliandika neno jipya pamoja na mwenzi wake.

Kulitunza neno

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yeye mwenyewe na kutangaza matokeo mwaka 1885. Aligundua kuwa usahaulifu huenda kasi mwanzoni, kisha hupungua. Baada ya siku moja alihitaji takriban thuluthi mbili ya juhudi ya awali ili kukariri upya silabi zile zile. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza njia rahisi ya kupambana na hali hiyo. Kadi za maneno huwekwa katika visanduku kadhaa. Kadi iliyojibiwa vema husogea kwenye kisanduku kinachofunguliwa kwa nadra zaidi. Iliyokosewa hurudi cha kwanza. Visanduku vya karatasi ngumu vyatosha. Ila kwa mwanafunzi wa hatua ya kati, kadi yenye neno moja na fasiri moja humkaribisha rafiki wa uongo. Yafaa kadi iwe na sentensi nzima, na kwa maneno yenye hila, iwe na onyo kuhusu maana ambayo neno halina.

Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky, katika kitabu kilichotoka mwaka 1934, alieleza kuwa mtoto hujifunza lugha ya kigeni kwa kuegemea maana alizokwisha kuzipata katika lugha yake ya kwanza, na kwamba lugha ya kigeni nayo huinua ufahamu wa ile ya kwanza, kama aljebra inavyouinua ufahamu wa hesabu. Yafuatayo ni dhahiri kwa mwalimu. Kuifukuza lugha ya mama darasani hakuyafukuzi makosa yake, kwa sababu mwanafunzi ataendelea kulinganisha kimoyomoyo, bila kiongozi. Afadhali ulinganisho huo ufanywe wazi ubaoni: neno hili linafanana, lichunguzwe; neno lile halifanani, livunjwe vipande lionekane limejengwaje; na neno hili mipaka yake ni mingine, basi ichorwe.