Kipande cha Vesta kilichoanguka Peramiho

Wasomaji wa Moshi, hasa nyinyi wa Soweto, mmeniuliza mno kuhusu unga wa "jiwe la nyota": eti unatibu kisukari na kusafisha nyota? Hautibu chochote. Anayewauzia unga huo anawauzia vumbi la mawe, na mgonjwa anayeacha dawa kwa ajili yake anaweka rehani macho, figo na uhai wake. Watu hawa wananikera, kwa sababu ukweli wa mawe ya angani unapendeza kuliko uongo wao wote.

Mwaka 1899 kimondo kidogo kilianguka Peramiho, Ruvuma. Ni basalti, yaani lava iliyoganda, kama mawe mengi meusi ya Kilimanjaro. Ila lava hiyo haikumwagika duniani. Ilimwagika Vesta, asteroidi yenye upana wa kilomita 525 hivi, iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii.

Tumejuaje? Kwa mwanga. Kila madini humeza sehemu yake ya mwanga wa jua, na piroksini iliyojaa katika basalti hii humeza ule ulio nje kidogo ya wekundu tunaouona. Mwaka 1970 wanasayansi wa Marekani walipima mwanga unaotoka Vesta wakakuta pengo lile lile lililo katika vimondo vya jamii ya Peramiho. Tena kusini mwa Vesta kuna shimo la mgongano, Rheasilvia, lenye upana wa kilomita 500 hivi, na katikati yake mlima wa zaidi ya kilomita 20. Kibo ni mita 5,895 tu. Migongano ya namna hiyo ilirusha vipande. Vingine viliishia pale ambapo jiwe hulizunguka jua mara tatu Mshtarii ikizunguka mara moja. Hapo sayari hiyo kubwa hukivuta kipande kwa mpango ule ule, mzunguko baada ya mzunguko, na njia yake huzidi kurefuka mpaka ikakata njia ya dunia. Chombo cha Dawn, kilichoizunguka Vesta 2011 na 2012, kilitia nguvu ushahidi huo.

Vesta yenyewe haiji kutugonga. Na si kweli kwamba kila kimondo hunasa sumaku: cha Mbozi ni chuma, vya jamii ya Peramiho karibu havina.

Ukiokota jiwe unalolishuku, lipige picha, andika mahali, wapelekee wanajiolojia wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma. Usilisage. Mwenye kisukari aende hospitali ya Mawenzi au KCMC, na dawa zake asiziache.