Je, Wajua? Cha Kuokota Mombo Kina Sheria Yake

Mombo, mji mdogo wa Wilaya ya Korogwe ambako barabara ya Lushoto huachana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, hushusha na kupakia abiria wengi, na penye msongamano wa namna hiyo noti huanguka na pochi husahaulika vitini. Wengi huamini kwamba cha kuokota ni cha mwokotaji, imani ambayo sheria haiiungi mkono. Kanuni ya Adhabu, yaani sheria kuu ya makosa ya jinai nchini Tanzania, katika kifungu cha 258 kinachofafanua wizi, humwondolea hatia mwokotaji ikiwa tu, wakati anajitwalia kitu hicho, hakumjua mwenyewe na aliamini kwa sababu za msingi kwamba hawezi kupatikana. Pochi yenye kitambulisho ndani, basi, humwachia utetezi mdogo sana. Vitu vya kale vina utaratibu wao: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza kutumika 1904, haimo humo kwa umri wake pekee. Aokotaye fedha stendi azipeleke kituo cha polisi.